Risasi Imebebwa na Nani? Mwongozo wa Kuhakiki Gemu la Vita

Tabora ni mji uliopiganiwa, na mhakiki wa magemu ya vita anayeishi hapa anaanza kazi akiwa na kipimo ambacho mwenzake wa London hana. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, Force Publique, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia mjini baada ya siku kadhaa za mapigano makali Lulanguru, kwenye reli ya Kigoma, na Itaga, upande wa kaskazini. Jenerali Kurt Wahle na askari wake wa upande wa Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Miaka mia moja na mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Oktoba 2016, kampuni ya Kiswidi ya DICE ilitoa Battlefield 1, gemu la bunduki kuhusu vita hiyo hiyo, Vita ya Kwanza ya Dunia. Ufaransa imo, Italia imo, Gallipoli imo, jangwa la Arabuni limo. Afrika Mashariki haimo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuhakiki magemu ya namna hiyo, kwa kuandika au kwa kurekodi, na unayetaka msomaji apate kwako kitu asichokipata kwingine. Nitarudi mara nyingi kwenye Battlefield 1 kwa sababu ndilo lililopita karibu zaidi na historia yetu. Njia ni ile ile hata ukihakiki Call of Duty ya kwenye simu, au gemu lingine lolote ambalo unaona mikono yako na mtutu mbele ya kioo.

Kwanza litendee gemu haki. Mwenye uchungu na historia huwa anakimbilia kulaumu kabla hajacheza vya kutosha, na mchezaji anayelijua gemu hilo humgundua katika sentensi mbili. Maliza hadithi yake yote. Kisha cheza mapambano ya mtandaoni jioni kadhaa ukibadilisha nafasi: leo mshambuliaji, kesho tabibu, keshokutwa mdunguaji. Usiandike kuhusu nafasi ambayo hukuishika.

Mapema kabisa katika uhakiki wako, sema ulicheza kwa chombo gani na wapi. Kama ulicheza kwenye kibanda cha gemu, taja hivyo, maana pedi za kibandani zimechoka. Kijiti cha kulia kikilegea, mtutu unajivuta wenyewe upande mmoja, na wewe utaandika kwamba ulengaji wa gemu ni mbovu. Jiondolee shaka namna hii: ingia ndani ya gemu, simama mahali salama, weka pedi juu ya meza bila kuigusa, kisha tazama alama ya shabaha katikati ya kioo. Ikianza kutambaa, omba pedi nyingine, au ingia kwenye mipangilio uamuru kijiti kipuuze misogeo midogo. Angalia na televisheni pia. Nyingi zina hali maalumu ya gemu, na isipowashwa unabonyeza sasa, bunduki inalia baadaye kidogo. Kwenye gemu ambalo kufa na kupona ni sehemu ya sekunde, kuchelewa huko kunaharibu hukumu yako yote.

Msomaji wa hapa anahitaji kujua mambo mengine mawili ambayo wahakiki wa nje hawayagusi. La kwanza ni bando. Battlefield 1 kwenye kompyuta lilitangazwa kuhitaji angalau gigabaiti 50 za nafasi na RAM ya gigabaiti 8. Mtu anayepakua kwa simu ya mkononi atalipia kila gigabaiti, kwa hiyo mwambie ukubwa halisi ulioupakua pamoja na masasisho, na mwambie kama hadithi inachezeka bila intaneti. La pili ni umeme. Uzime ukiwa katikati ya misheni, kisha uwashe uone gemu linakurudisha wapi. Gemu linalokurudisha nyuma nusu saa kila umeme unapokatika lina kasoro kwa mchezaji wa Tabora, hata kama kule kwa watengenezaji hakuna aliyeiona.

Sasa bunduki. Hapa ndipo uhakiki mwingi unapopwaya, kwa sababu mhakiki anaandika kwamba bunduki "ni tamu" na kuishia hapo. Utamu huo una vipande, na vipande vinapimika. Tafuta ukuta mtupu. Simama kama hatua kumi kutoka ukutani, chagua doa moja, lenga, kisha shikilia kitufe hadi risasi ziishe bila kuurudisha mtutu chini. Sogea utazame matundu. Yakiwa yamepanda juu kwa mstari unaoeleweka, mchezaji anaweza kujifunza kuuvuta mtutu chini na akawa hodari. Yakiwa yametawanyika ovyo, gemu limeamua kwamba bahati ifanye kazi ambayo ungeifanya kwa ustadi. Rudia ukiwa umechutama, rudia ukiwa mbali zaidi, rudia kwa kufyatua moja moja. Ukimaliza bunduki nne tano utakuwa na jambo la kusema.

Kisha pima ujazaji. Battlefield 1 lina jambo zuri hapa: bunduki ya bolti, ile inayokokwa kwa mkono kila risasi, ikiishiwa kabisa, askari husukuma risasi tano kwa mkupuo mmoja, lakini ikiwa zimebaki baadhi, huingiza moja moja, na wewe unabaki umeduwaa nyuma ya kifusi ukihesabu. Kila kufyatua kunakuwa uamuzi. Barakoa ya gesi nayo ni hivyo hivyo. Ukiivaa unapona sumu, lakini huwezi kulenga kwa kuweka jicho kwenye shabaha, na pumzi yako inajaa masikioni. Mbunifu aliyefikiria hivyo anastahili sifa, na sifa hiyo uitoe kwa kueleza jambo lenyewe linavyofanya kazi.

Lakini gemu hilo hilo limemwaga bunduki za rashasha kila pembe. Mwaka 1916 silaha ya kujifyatua yenyewe mikononi mwa askari mmoja ilikuwa kitu adimu mno. Askari wengi wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani waliianza vita 1914 wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja inayotumia baruti ya moshi. Ukifyatua, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako na kila adui anajua ulipo. Kwa hiyo jiulize katika gemu lolote la zama hizo: je, bunduki ya kale imepewa tabia yake, au imepewa sura tu? Verdun, gemu la 2015 kuhusu vita hiyo hiyo, lilichagua njia nyingine. Bunduki nyingi humo ni za bolti, risasi moja inatosha kuua, na mapambano yanakwenda polepole. Wengine watalichoka. Kazi yako ni kueleza gharama ya kila uchaguzi, kisha useme wewe unaupenda upi na kwa nini.

Picha zipitie haraka. Msomaji atazitazama mwenyewe, na sifa za mwanga na matope zimeandikwa kupita kiasi. Sauti ndiyo haipewi haki yake. Mwombe rafiki aingie kwenye mchezo pamoja nawe, wewe fumba macho, yeye azunguke huku akifyatua mara moja moja. Nyoosha kidole upande unaodhani yuko. Ukikosea kila mara kwa spika za televisheni lakini ukapatia kwa visikilizio, andika hivyo, kwa sababu watoto wengi wa kibandani wanacheza kwa spika za televisheni. Mtandaoni, andika pingi uliyoipata, yaani muda ambao ishara inachukua kwenda kwenye seva na kurudi, na saa uliyocheza. Pingi ikiwa kubwa utakufa wakati umeshajificha nyuma ya ukuta. Kosa hilo linaweza kuwa la umbali wa seva, au la mnara wa simu wakati wa jioni ambapo kila mtu yuko mtandaoni, kwa hiyo cheza na alfajiri kabla ya kulaumu.

Kuhusu ramani, nina zoezi moja. Kabla hujahukumu ramani ya mtu, chora ya kwako ya Lulanguru. Ardhi ni tambarare. Miombo inakupa miti mingi membamba inayokinga macho zaidi ya inavyokinga risasi. Reli imenyooka mashariki hadi magharibi, kwa hiyo bombom moja, yaani bunduki nzito ya rashasha, likiwekwa juu ya tuta lake linatawala mahali pote palipo wazi. Maji yako wapi? Majeruhi wanapelekwa wapi? Ukishapambana na maswali hayo kwenye karatasi, utaanza kuona kwa nini mbunifu wa gemu aliweka gofu hapa na handaki pale, na utajua kama alikuwa anasaidia mchezo au anaficha uvivu.

Nimefika kwenye jambo ninalotaka ulichukue kuliko mengine yote. Kila gemu la vita linaficha kitu. Kazi ya mhakiki ni kukitaja kilichofichwa, na mhakiki wa Tabora anajua pa kuanzia: mzigo.

Katika Battlefield 1 kuna nafasi ya askari wa kugawa risasi. Anatupa sanduku chini, wenzake wanalipita, mifuko yao inajaa, na baada ya muda mfupi ana sanduku lingine. Sasa fanya hesabu. Risasi moja ya Mauser ya milimita 7.92 ina uzito wa kama gramu 24. Risasi elfu moja ni kilo 24, bila sanduku. Huo ni mzigo wa mtu mmoja, kwa maana wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walibeba kama kilo 25 hadi 35 kila mmoja. Bombom la Maxim lilikuwa na uwezo wa kumaliza risasi 400 hadi 500 kwa dakika. Dakika mbili na ushee za kushikilia kitufe, na umekula kilichofika hapo juu ya kichwa cha binadamu baada ya majuma ya kutembea. Naye mpagazi ilikuwa lazima ale. Akila kilo moja ya nafaka kwa siku, mpagazi aliyebeba chakula cha kilo 25 anaumaliza mzigo wake mwenyewe kwa siku 25, na bado hajamlisha askari hata mmoja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoiendesha vita ya Afrika Mashariki. Wapagazi wa pande zote walizidi milioni moja. Kwa upande wa Waingereza peke yao kumbukumbu zinaonyesha vifo vya karibu laki moja, na wengi waliuawa na maradhi na njaa. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 400 za reli, na Wajerumani waliharibu madaraja walipokuwa wakirudi nyuma, kwa hiyo reli hiyo haikumwokoa mbebaji. Battlefield 1 linaanza kwa utangulizi wa kusisimua: unakufa, jina la askari linatokea pamoja na mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa, kisha unaingia katika mwili wa mwingine. Nililiheshimu gemu kwa ajili ya dakika hizo. Lakini fikiria gemu ambalo kila sanduku la risasi unalolichukua lingekutajia jina la aliyelibeba. Hilo halihitaji teknolojia mpya. Linahitaji mbunifu aliyewahi kusikia habari zao, na wewe unaweza kuwa mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo, katika kila gemu, pima mzigo. Askari wako anakimbia umbali gani kabla ya kuchoka? Anabeba silaha ngapi, na je, bunduki nzito inampunguzia mwendo? Risasi zinatoka wapi? Akiokota mali, mali hiyo inamgharimu nini? Swali la mwisho lina historia yake hapa hapa. Mwaka 1871 Waarabu wa Unyanyembe, mwandishi wa habari Stanley akiwa upande wao, walikwenda kumpiga mtemi Mirambo. Waliiteka Ulyankulu, wakabeba pembe za ndovu na mateka, wakaanza kurudi. Mirambo aliwavizia kwenye majani marefu kando ya njia na kuwavunja vibaya. Msafara uliolemewa na mali ni shabaha, na Mirambo alilijua hilo kuliko wao. Gemu linalokuruhusu kuokota kila kitu bila kuongeza hata gramu moja kwenye mwendo wako limetupa nje somo zima la uviziaji.

Far Cry 2 la mwaka 2008 linafaa kusomwa kwa jicho hili. Linachezwa katika nchi ya Afrika isiyo na jina. Bunduki zinashika kutu na kukwama katikati ya mapambano, nawe una malaria inayokupiga wakati mbaya na kukulazimisha kutafuta vidonge. Kwa kulitia gonjwa ndani ya vita, gemu hilo lilikuwa karibu na ukweli wa kampeni ya 1916 kuliko mengi yaliyotangaza historia. Lakini tembea kwenye ramani yake: karibu kila unayekutana naye ana bunduki. Wakulima, wauza chai, kina mama kisimani hawaonekani. Nchi nzima imegeuzwa uwanja wa shabaha. Andika yote mawili katika aya moja, sifa na lawama, maana yanatoka kwenye gemu moja.

Ukikuta mtu halisi ndani ya gemu, simama hapo. Call of Duty: Black Ops II la 2012 lilimweka Jonas Savimbi wa Angola akiongoza mapigano mwaka 1986. Mwaka 2016 watoto wake walikwenda mahakamani Ufaransa wakidai baba yao ameonyeshwa kama katili asiye na akili, na madai yao yakatupwa. Huhitaji kumpenda Savimbi ili uulize swali la kihakiki: je, mchezaji anatoka na ufahamu wowote wa kwa nini watu hao walikuwa wanapigana? Uliza hivyo hivyo kwa adui yeyote asiye na jina. Sikiliza anasema lugha gani, na kama maneno yake ni maneno kweli au kelele tu. Kiswahili kikisikika ndani ya gemu, wewe ndiye hakimu wa kwanza: ni cha wapi, cha zama zipi, na je, mtu wa hapo angeongea hivyo na mkubwa wake?

Pia chunga kalamu yako. Usiandike kwamba gemu ni "kama vita halisi". Ulyankulu hiyo hiyo ya Mirambo ilipokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wao sasa ni raia wenzetu. Wapo wazee wanaojua mlio wa bunduki usiku ni nini, na wapo wajukuu wao wanaokaa kwenye benchi lile lile la kibandani wakisubiri zamu. Sema gemu linatisha, linasisimua, linachosha, lakini linganisha gemu na gemu. Unapohitaji kulilinganisha na vita, tumia yanayohakikika: aina ya silaha, mwaka, umbali, mzigo.

Ukiwa na shaka juu ya historia, nenda kaangalie. Tembe la Kwihara, walipokaa Livingstone na Stanley, liko karibu na mji. Boma la Wajerumani lipo. Waulize wenyeji juu ya Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwenye ghala lake la baruti Januari 1893 kuliko kushikwa na Wajerumani. Habari kama hiyo inakufundisha baruti ilikuwa nini kwa mtawala wa wakati ule. Ilikuwa akiba iliyokusanywa kwa miaka kwa kubadilishana na pembe, na ilihifadhiwa ndani ya nyumba yake.

Ukianza kuandika hukumu, iwe na sababu. Namba ya nyota haina maana bila kueleza imepatikanaje, na binafsi ningeiacha kabisa. Mfano wa hukumu yangu kwa Battlefield 1 ni huu: bunduki zake za bolti ni miongoni mwa bora nilizozishika katika gemu, sauti yake inamfundisha mchezaji kusikiliza, na utangulizi wake unawaheshimu wafu, lakini wingi wa rashasha unaifanya 1916 ionekane kama 1944, na vita iliyoitwa ya dunia imechezwa bila nchi ambayo wapagazi wake walikufa kwa makumi ya maelfu. Linunue likiwa kwenye punguzo, kama una chombo kinacholimudu na njia ya kulipakua isiyokumalizia bando.

Mwisho taja umri. Battlefield 1 lina alama ya PEGI 18, na kibandani utawakuta wanafunzi wa darasa la tano wakiwa na sare wameshika pedi. Andika alama hiyo kwa maneno yanayoeleweka na mzazi asiyecheza: damu inaonekana, watu wanachomwa moto, majeruhi wanalia. Mwenye kibanda akikuomba ushauri, mtajie magemu ya mpira na ya magari ambayo watoto wanaweza kucheza mchana, na mwambie haya ya bunduki ayafungue jioni, wadogo wakisharudi nyumbani.